VITA YA LEPANTO NA ASILI YA SIKUKUU YA ROZARI

Maneno ya katekista kwa waamini na wageni, katika siku za matayarisho ya Jubile



Kamati ya Jubile imeniagiza niseme juu ya sikukuu ya tarehe 7 Oktoba, kwa maana parokia yetu imewekwa tangu mwanzo chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Rozari. Wengi mlioketi hapa mnajua kusali shapule kuliko mimi, wala sikuja kuwafundisha namna ya kuishika mkononi. Lakini liko swali moja ambalo wakatekumeni hawachoki kuliuliza. Linaulizwa tena na ndugu zetu Waislamu, ambao tunakutana nao sokoni na kwenye matanga, hata katika jamaa zetu wenyewe, kwani katika sehemu zetu ni nani asiyekuwa na mjomba ao shemeji Mwislamu? Wanauliza hivi: ni kweli kwamba ninyi Wakatoliki kila mwaka mnashangilia siku ambayo Waislamu waliuawa kwa maelfu?

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kukunja uso. Linajibiwa kwa kusimulia habari yenyewe tangu mwanzo, bila kuficha lililo baya upande wetu, na bila kuongeza lisilokuwako. Ndiyo sababu leo nitawapeleka mbali, katika bahari ya Mediteranea, mwaka wa 1571.

Siku zile bahari ile ilikuwa na mabwana wawili. Upande wa mashariki alitawala Sultani wa Waturuki, Selim II, aliyekaa Constantinople, mji ambao babu zake waliuteka mwaka wa 1453 na ambao leo unaitwa Istanbul. Upande wa magharibi alitawala Philip II, mfalme wa Hispania. Katikati yao ulikuwako mji wa Venezia, mji wa wafanyabiashara, ambao ulipenda zaidi kuuza na kununua kuliko kupigana, na ambao ulikuwa umefanya amani na Sultani kwa miaka mingi. Venezia ilikuwa na kisiwa kikubwa cha Kupro, karibu kabisa na nchi za Sultani. Kisiwa hicho ndicho kilicholeta vita.

Majeshi ya Sultani yalishuka Kupro mwezi wa Julai 1570. Mji wa Nicosia ulianguka mwezi wa Septemba, na watu wengi sana waliuawa ndani yake. Mji wa Famagusta ulikaza karibu mwaka mzima. Ulipojitoa mwezi wa Agosti 1571 kwa ahadi ya kwamba watu watasalimika, likatokea gomvi kati ya wakubwa, ahadi ikavunjwa, na mkuu wa mji, Marcantonio Bragadin, akachunwa ngozi akingali hai. Sitafuata habari hiyo mpaka mwisho, kwa sababu watoto wako hapa. Lakini kumbukeni kwamba askari wa Venezia walipokwenda Lepanto, habari hiyo ilikuwa imekwisha kuwafikia, nao walikuwa na hasira ya watu waliofiwa.

Papa wa wakati ule alikuwa Pius V, mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, mtu wa kufunga na wa kusali, tena mkali. Ndiye aliyewapatanisha Hispania na Venezia, ambao hawakupendana hata kidogo. Mwezi wa Mei 1571 wakafanya mapatano: gharama zigawanywe mafungu sita, matatu ya Hispania, mawili ya Venezia, moja la Papa. Genova, Savoia na Mashujaa wa Malta wakaleta merikebu zao. Amri yote ikawekwa mikononi mwa kijana ambaye hakufika bado miaka thelathini, Don Juan wa Austria, ndugu ya mfalme Philip kwa baba, aliyezaliwa nje ya ndoa.

Hapa nataka niwazuie kidogo, msije mkadhani kwamba siku ile Wakristu wote walikuwa upande mmoja na Waislamu wote upande mwingine. Mfalme wa Ufaransa, Mkatoliki, hakutuma hata merikebu moja, kwa sababu alikuwa na urafiki na Sultani. Tena mmoja wa wakuu hodari wa Sultani, Uluç Ali, alizaliwa Mkristu huko Calabria, Italia. Alitekwa akiwa kijana, akafungwa kwenye kasia, kiisha akageuka Mwislamu na kupanda cheo mpaka juu. Na siku chache kabla ya vita, Sebastiano Venier, mkuu wa Wavenezia, aliwanyonga askari waliokula mshahara wa Hispania, kwa sababu ya fujo waliyoifanya merikebuni. Don Juan akakasirika hata karibu merikebu za Wakristu zipigane zenyewe kwa zenyewe. Umoja ule ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwembamba.

Sasa niseme juu ya merikebu, maana nisiposema juu ya merikebu, sitakuwa nimesema lolote juu ya vita hii. Waitaliano waliiita galea. Ilikuwa chombo kirefu na chembamba, metri 40 hivi kwa metri 5. Siku za upepo ilitumia tanga, lakini siku ya mapigano iliendeshwa kwa makasia tu. Kila upande mabenchi zaidi ya ishirini, na kila kasia watu watatu, wanne, hata watano. Hesabuni ninyi wenyewe: watu karibu mia mbili wanaoketi bega kwa bega, mchana juani, usiku baridini, wengi wao wamefungwa mguu kwa mnyororo kwenye benchi lile lile wanapokula, wanapolala, na wanapojisaidia. Watu wa wakati ule walisema kwamba harufu ya galea ilitangulia kufika kuliko galea yenyewe.

Ni akina nani waliofungwa? Katika galea za Sultani walikuwamo maelfu ya Wakristu, waliotekwa baharini na katika vijiji vya pwani ya Italia, Hispania na Ugiriki. Katika galea za Wakristu walikuwamo Waislamu waliotekwa, pamoja na wafungwa waliohukumiwa na mahakama za wafalme. Venezia peke yake ilikuwa bado na wavuta makasia wengi huru, wenye mshahara. Kwa hiyo, merikebu zilipogongana siku ile, Mkristu aliivuta merikebu iliyokuja kuwaua Wakristu, na Mwislamu aliivuta ile iliyokuja kuwaua Waislamu. Na merikebu ilipozama, mnyororo ulishuka nayo.

Sisi wana wa nchi hii hatuhitaji mwalimu wa kutueleza mnyororo. Mababu zetu walipita ndani yake katika misafara iliyotoka Nyangwe na Kasongo kuelekea pwani. Na misafara ilipokwisha, Leopold II akawafunga kwa mpira. Tunajua kwamba mnyororo hauulizi dini ya mtu anayeushika wala ya mtu anayeuvaa.

Siku ya Jumapili, tarehe 7 Oktoba, asubuhi, makundi mawili ya merikebu yalionana mlangoni mwa ghuba ya Patras, pwani ya Ugiriki. Waturuki walikuwa wametoka katika bandari ya Lepanto, ambayo Wagiriki wanaiita Nafpaktos. Ndiyo asili ya jina la vita. Wakristu walikuwa na galea zaidi ya 200, na Waturuki zaidi kidogo, pamoja na vyombo vidogo vingi. Ukiwahesabu askari, mabaharia na wavuta makasia wa pande zote mbili, wanapita watu 100.000, wote juu ya maji, mahali padogo. Mkuu wa Waturuki aliitwa Müezzinzade Ali Pasha. Inasimuliwa kwamba aliwaambia watumwa wake Wakristu kuwa, akishinda, atawapa uhuru. Na Don Juan naye aliwaahidi hivyo hivyo wafungwa wa upande wake.

Wavenezia walikuwa na merikebu sita za namna mpya, ndefu, nzito na pana, zilizojaa mizinga. Zilivutwa kwa taabu hata zikawekwa mbele ya safu, na galea za Waturuki zilipopita kando yake zilivunjwa vibaya hata kabla ya kufika kwa adui. Upepo ambao asubuhi uliwasaidia Waturuki ulitulia na kugeuka. Kiisha safu zikagongana. Tangu hapo haikuwa tena vita ya bahari, ilikuwa vita ya nchi kavu iliyopiganwa juu ya mbao: watu waliruka kutoka merikebu hata merikebu, kwa panga, mikuki na bunduki. Wakristu walikuwa na bunduki nyingi zaidi; Waturuki wengi walitegemea upinde, silaha nzuri sana katika mkono wa fundi, lakini mshale hautoboi chuma cha kifuani sawasawa na risasi. Agostino Barbarigo, mkuu wa bawa la kushoto la Wakristu, alipigwa mshale jichoni akafa. Ali Pasha alipigwa risasi, na kichwa chake kikainuliwa juu ya mkuki. Uluç Ali peke yake alimzunguka kwa akili Gian Andrea Doria wa Genova, akaiteka merikebu ya mkuu wa Malta, na alipoona mambo yameharibika, akakimbia na merikebu thelathini hivi.

Yote hayo yalikwisha kwa saa tano hivi. Wakristu waliokufa walikuwa karibu 7.500. Waturuki waliokufa walipita 20.000. Merikebu zaidi ya mia moja zilitekwa, na Wakristu zaidi ya 12.000 walifunguliwa kutoka kwenye makasia. Kwa Ulaya, ilipita miaka mingi sana kabla ya siku nyingine kumwaga damu nyingi kama hiyo kati ya macheo na machweo.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, kwa sababu vitabu vingi vya sala vinaishia hapo kwenye ushindi, na kumbe nusu ya habari imebaki. Waislamu waliotekwa, maelfu kadhaa, waligawanywa kati ya washindi sawa na mafungu ya gharama, wakafungwa kwenye mabenchi yale yale yaliyoachwa na wale waliofunguliwa. Serkali ya Venezia iliagiza kwa siri kwamba mateka wenye ufundi wa bahari wauawe, kusudi Sultani asipate tena wa kuongoza merikebu zake. Wana wawili wa Ali Pasha, wadogo, walikuwa kati ya mateka. Mmoja alikufa Italia, wa pili alirudishwa kwao baadaye. Katika nchi ya Ugiriki, Wakristu waliposikia habari ya ushindi, waliinuka juu ya Waturuki wakitumaini kwamba merikebu za Don Juan zitakuja kuwasaidia. Hazikuja. Waliadhibiwa peke yao.

Je, ushindi ule ulileta faida gani? Wataalamu wanabishana mpaka leo. Katika majira ya baridi yaliyofuata tu, mafundi wa Constantinople walijenga galea nyingine karibu 150, na Uluç Ali akawa mkuu wa zote. Inasimuliwa kwamba waziri mkuu wa Sultani, Sokollu Mehmed Pasha, naye alizaliwa katika jamaa ya Wakristu wa Bosnia, alimwambia balozi wa Venezia kuwa Waturuki wamenyolewa ndevu tu, na ndevu zinaota tena; lakini Venezia kwa kupoteza Kupro imekatwa mkono. Hakusema uongo. Mwezi wa Machi 1573 Venezia iliwaacha wenzake, ikafanya amani na Sultani, ikamwachia Kupro na kumlipa feza nyingi juu yake. Kisiwa kilichokuwa sababu ya vita kilibaki kwa walioshindwa, miaka zaidi ya mia tatu, mpaka Waingereza walipokishika mwaka wa 1878. Leo Wagiriki na Waturuki wa kisiwa hicho wanakaa bado mbalimbali, na mpaka wa kugawanya nchi, uliowekwa mwaka wa 1974, unapita katikati ya mji wa Nicosia. Don Juan aliteka Tunis mwaka wa 1573. Waturuki wakaichukua tena mwaka uliofuata.

Hata hivi, mimi siwafuati wale wanaosema kwamba vita ile ilikuwa bure. Merikebu zinajengwa kwa miezi sita, lakini fundi wa upinde anajengwa kwa miaka mingi, na wale waliozama hawakurudi. Tena watu wa Ulaya walikuwa wameamini kwamba Mturuki hashindiki baharini. Imani hiyo ilikufa siku ile. Mabwana wawili wakaanza kuchoka wao kwa wao. Sultani akageuza uso kwenda kupigana na Waajemi, Philip akageuza uso kuelekea Uholanzi na bahari ya Atlantiki, na kabla ya mwaka wa 1581 wakaweka mapatano ya kusimamisha vita. Don Juan mwenyewe alikufa kwa homa mwaka wa 1578, kambini karibu na Namur, mji wa Ubelgiji. Na galea zenyewe zilikuwa zimefikia mwisho wake: baada ya Lepanto haikupiganwa tena vita kubwa namna ile kwa makasia. Nguvu ilihamia kwenye merikebu za tanga zenye mizinga mingi, zile zile zilizofika katika pwani za Afrika na kuchukua watu wetu kuwapeleka ngambo.

Kati ya majeruhi wa siku ile alikuwamo kijana mmoja, Miguel de Cervantes, aliyepigwa risasi kifuani na kupoteza nguvu za mkono wa kushoto. Mwaka wa 1575 alitekwa baharini, akakaa mtumwa huko Algiers miaka mitano, mpaka watawa wa Utatu Mtakatifu walipomkomboa kwa feza mwaka wa 1580. Mkono wa kuume uliobaki ndio ulioandika Don Quijote, kitabu ambacho Wahispania wanakiheshimu kuliko vyote. Nawaambia vijana habari hii kwa sababu ya wale watawa. Shirika lao lilianzishwa kwa kazi hiyo ya kukomboa mateka, na lilifanya kazi hiyo miaka yote ambayo wengine walipigana.

Vita ile iligusa hata lugha tunayoisema hapa. Philip II alipopata pia ufalme wa Ureno mwaka wa 1580, maadui wa Lepanto walikutana tena katika bahari ya Hindi. Mturuki mmoja, Mir Ali Bey, alikuja mara mbili katika miji ya Waswahili, na watu wa pwani walimpokea vizuri, kwani walichoka na Wareno. Mwaka wa 1589 Wareno walimkamata Mombasa, wakampeleka Lisboni, akabatizwa huko. Na tangu mwaka wa 1593 wakajenga ngome ya Yezu, ambayo ingali inasimama Mombasa. Kutoka pwani ile ile, katika karne ya kumi na tisa, waungwana na misafara yao walileta Kingwana hata kwetu. Kwa hiyo lugha tunayosalia shapule ilifika hapa midomoni mwa Waislamu.

Basi, na Rozari? Rozari haikuzaliwa Lepanto. Watawa wa Mtakatifu Dominiko walikuwa wameieneza zaidi ya miaka mia mbele, na Papa Pius V aliandika juu yake mwaka wa 1569, vita ikiwa mbali bado. Siku ya vita ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba, na mavyama ya Rozari huko Roma yalikuwa katika maandamano na sala. Walisali watu wenye wana na ndugu juu ya galea, wengine kwa mshahara, wengine kwa mnyororo. Habari ilipofika, Papa aliweka sikukuu ya shukrani kwa jina la Bikira Maria wa Ushindi. Akafa mwezi wa Mei 1572. Mwaka wa 1573, mwaka ule ule Venezia ilipofanya amani, Papa Gregorius XIII akaibadili jina ikawa sikukuu ya Rozari, kwa makanisa yenye altare ya Rozari. Papa Clemens XI aliieneza katika Kanisa lote mwaka wa 1716, na Papa Pius X aliiweka tarehe 7 Oktoba mwaka wa 1913. Angalieni jina: neno "ushindi" lilikaa muda mfupi tu, na neno "Rozari" ndilo lililobaki.

Mjomba Mwislamu akiuliza, basi, tumwambie bila haya: ndiyo, sikukuu hii ilianza kwa sababu ya vita, na watu wenu walikufa wengi, na wetu vilevile. Waliofurahi siku ile walikuwa na sababu, kwani waliwaona ndugu zao wakitoka katika minyororo. Na walifanya kosa, kwani waliwafunga wengine mahali pale pale. Leo tarehe hiyo hatutaji merikebu katika Misa. Tunafikiri mafumbo ya Yezu pamoja na Mama yake. Kwa upande wangu, sipendi kusikia mtu akiwafundisha watoto kwamba Bikira Maria alizamisha merikebu za Waislamu. Mizinga ndiyo iliyozizamisha. Mama wa Yezu anatajwa kwa heshima hata katika Kurani, na kuna sura nzima yenye jina lake.

Mapadri watanisamehe nikimalizia na jambo ambalo wao wanalijua kuniliko. Moja ya bendera zilizotekwa Lepanto ilikuwa imehifadhiwa Roma kwa karibu miaka mia nne. Mwaka wa 1965, Mtaguso wa Vatikano ukikaribia kumalizika, Papa Paulus VI aliwarudishia Waturuki bendera hiyo. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Mtaguso ulitoa tamko juu ya dini nyingine, ukiwaomba Wakristu na Waislamu waache magomvi ya zamani na kujitahidi kusikilizana. Bendera ikarudi kwao bila kuombwa malipo yoyote.

Wenye maswali nitawangoja kesho baada ya Misa ya kwanza, kwenye baraza ya shule. Wakatekumeni wa mwaka wa pili walete madaftari. Na kama kuna jirani Mwislamu anayependa kusikiliza, aje naye; kiti kitakuwako.